'Chini ya hali yoyote': Katazo lililogeuka ruhusa

Majuzi nilimsindikiza shangazi yangu katika zahanati moja kuchukua dawa za shinikizo la damu. Tulipofika nyumbani, alinipa kikaratasi alichokabidhiwa pamoja na dawa hizo nimsomee. Sentensi moja ilikuwa hivi: 'Chini ya hali yoyote, mgonjwa aongeze dozi bila kumwuliza daktari.'

"Kumbe naweza kuongeza mwenyewe, mwanangu?" akaniuliza.

Sikucheka. Aliyeiandika sentensi hiyo bila shaka alikuwa akiiwazia kauli ya Kiingereza 'under no circumstances'. Katika kauli hiyo, ukanushi wote umebebwa na neno 'no'; kitenzi kinachofuata hakikanushwi. Mfasiri alifuata neno kwa neno, lile 'no' likawa 'yoyote', ukanushi ukapotelea njiani. Kiswahili hukanushia kwenye kitenzi. Hata vielezi vya kusisitiza kama kamwe, katu, asilani na abadani haviwezi kuifanya kazi hiyo peke yavyo. Hatusemi 'nitarudi kamwe' tukikusudia kwamba haturudi. Ilipasa kuandikwa: 'Mgonjwa asiongeze dozi kamwe bila kumwuliza daktari' au 'Kwa vyovyote vile, mgonjwa asiongeze...'

Kuna tatizo la pili, ingawa hili halimdhuru mtu. Ni hilo neno 'chini'. Tunakubali kusema 'chini ya uongozi wa', 'chini ya ulinzi' na 'chini ya umri wa miaka 18' kwa sababu pana mamlaka au kipimo kilicho juu. Je, hali hukaa juu ya nani? Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe wamewahi kulizozania jambo hili. Neno lao limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kusimama kandokando ya kitu, hivyo baadhi yao walidai mtu huwa ndani ya hali, si chini yake. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwapuuza. Sawa, hiyo ni lugha yao. Sisi tuna 'katika hali hii', 'kwa jinsi mambo yalivyo' au 'mambo yakiwa hivi', na sioni sababu ya kuazima kihusishi tusichokihitaji.

Wanahabari, ambao mimi huwakosoa mara nyingi, hapa wanastahili pongezi: huandika kwamba mtu alifariki 'katika hali ya kutatanisha'. Sijaona aliyeandika 'chini ya hali ya kutatanisha', na nisiione!

Nilichukua kalamu nikapachika 'si' katika 'aongeze', kisha nikamsomea shangazi upya. Kesho yake nilipitia kule zahanati. Vikaratasi vilikuwa vingali mezani, rundo zima.