Zinjifuri au Ngeu? Mswada wa Utenzi Chini ya Hadubini

Mhakiki wa tenzi zetu amezoea kufungua mswada na kwenda moja kwa moja kwenye beti. Atatazama vina, atapima mizani, atauliza neno lipi ni la Kiamu na lipi la Kimvita, kisha ataufunga. Karatasi iliyozibeba beti hizo kwake ni chombo tu, mfano wa mtu anywaye maji asiitazame kata. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yametugharimu, na kwamba elimu ya kutambua wino, rangi na nyuzi kwa hadubini, ambayo tumewaachia wahifadhi wa makumbusho ya ng'ambo, ni sehemu ya kazi ya mhakiki.

Tuanze na la nyumbani. Hamziya ya Kiswahili, iliyofasiriwa na Sayyid Aidarusi, imewagawa wataalamu katika suala la tarehe: wako walioiweka mwaka 1652, na wako walioiweka mwaka 1749. Baina yao pana takriban karne nzima, na juu ya karne hiyo hutegemea mengi tunayoyasema kuhusu umri wa ushairi ulioandikwa wa Pwani. Hoja zimejengwa juu ya maneno na tarakimu. Karatasi nayo ina ushahidi wake, lakini ni nadra kuitwa barazani.

Ushahidi huo ni wa namna gani? Karatasi kongwe za Ulaya, kama zile za Italia zenye alama ya hilali tatu zilizouzwa sana katika nchi za Mashariki, zilitengenezwa kwa matambara. Chini ya hadubini unyuzi wa kitani huonyesha mafundo mfano wa pingili za mwanzi, na unyuzi wa pamba hujipinda kama utepe. Karatasi ya rojo la mbao, iliyobuniwa miaka ya 1840 na kuenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, huonyesha nyuzi zenye vitundu vidogo vidogo. Mswada wenye nyuzi hizo haukuandikwa mwaka 1749, hata ukiapa kwa tarehe iliyo mwishoni mwake. Utakuwa ni nakala ya baadaye, japokuwa utenzi wenyewe waweza kuwa mkongwe. Hapo ndipo pa kuwa na hadhari: hadubini huzungumzia nakala, haizungumzii utungo. Aghalabu haitoi tarehe ya kweli; kazi yake ni kuikataa ya uongo.

Ulimwengu ulipata funzo hilo kwa Ramani ya Vinland. Chuo Kikuu cha Yale kiliitangaza mwaka 1965 kuwa ni ya karne ya 15. Mwaka 1974 Walter McCrone, bingwa wa hadubini wa Chicago, alieleza kuwa katika wino wake mna chembe za titani za aina iliyotengenezwa viwandani katika karne ya 20. Mabishano yalidumu miongo kadhaa, hata Yale yenyewe ikakiri mwaka 2021 kuwa ramani ile ni ya kughushi. McCrone, aliyefariki mwaka 2002, aliasisi mwaka 1960 taasisi ya kufundisha ujuzi huo, na wahifadhi wa sanaa wamekuwa wakienda huko kujifunza kutofautisha rangi na nyuzi kutokana na sampuli ndogo kuliko chembe ya chumvi.

Kwetu elimu hii si ya kufichua ulaghai tu, bali ni ya kuokoa. Wekundu wa mswada waweza kuwa zinjifuri, yaani zebaki na kiberiti, au ukawa ngeu, udongo wenye kutu ya chuma. Weusi waweza kuwa masizi yaliyochanganywa na gundi, ambayo yakipata maji huenda yakatiririka, au wino wa chuma, ambao hugeuka hudhurungi na kuila karatasi taratibu. Macho matupu huona nyekundu na nyeusi basi. Anayeukarabati mswada kabla ya kujua alichokishika humwagia maji asichoweza tena kukizoa.

Hata hivyo mafunzo hayo nayo yanastahili kuhakikiwa. Mwanafunzi hutambua kwa kulinganisha, na hulinganisha na vile alivyowekewa mezani. Tuseme kijana wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, amerudi kutoka mafunzoni na amewekewa kipande cha lubugo, nguo ya magome ya mti wa jamii ya mkuyu inayojulikana Kagera na Uganda. Unyuzi wa lubugo haukusokotwa wala kufumwa. Umetandazwa kwa kupigwa nyundo, na mpangilio wake ni ule wa gome lenyewe. UNESCO iliutangaza ufundi huo wa Buganda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Lakini kijana asiyepata kuuona unyuzi huo chini ya kioo atauita kwa jina la kitu kingine anachokijua. Ndivyo itakavyokuwa kwa masizi ya taa zetu, kwa nili, kwa ukindu na kwa rangi ya magome ya mkoko.

Kwa hiyo haja yetu ya kwanza ni mkusanyo wa vielelezo vya kwetu: vioo vyenye nyuzi, udongo na wino wa Pwani na bara, kila kimoja kimeandikwa jina lake na mahali kilikotoka. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina miswada. Majumbani mna mingine ndani ya makasha, ikiliwa na mchwa na unyevu. Mkusanyo huo haugharimu mali nyingi. Unahitaji watu wa kuuliza, na mafundi wazee ambao bado wapo wa kujibu. Wakiondoka wao, hadubini itatuonyesha chembe nyekundu, na hatutakuwa na wa kutuambia ilichimbwa wapi.