MUNDU: JINA NA MATUMIZI YAKE

Neno mundu limezoeleka mno katika maandishi ya kilimo, hata wako wafasiri walitumiao kwa kila chombo cha kuvunia. Mazoea hayo yafaa yasahihishwe. Mundu ni chombo chenye bapa lililopinda na mpini mfupi. Mvunaji wa mpunga hushika mabua kwa mkono mmoja, akayakata kwa kuuvuta mundu kuelekea kwake. Kupinda huko ndiko kunakoutofautisha na kisu.

Kuhusu asili, yupo awezaye kudhani kuwa neno hili latokana na kitenzi unda, kwa kuwa lafanana na muundo. Dhana hiyo haina msingi. Muundo lina kiishio -o, kama fyekeo litokanalo na fyeka, mundu halina. Tena wingi wake, miundu, waonyesha kuwa shina ni -undu, na kiambishi kimeungana nalo kama katika moyo na mioyo. Mfanano wa sauti si ushahidi.

Sasa tutazame Ngerengere, mashariki ya milima ya Uluguru, penye historia ndefu ya mashamba ya mkonge. Jani la mkonge ni nene, nalo hukatwa mojamoja kwa kisu. Mwongozo utakaomwagiza mkata mkonge ashike mundu utamchekesha. Lakini afisa ugavi akiufuata, fedha zitanunua chombo kisichofaa. Basi mfasiri aulize kwanza: kinakatwa nini, na kwa namna gani? Jina litafuata kazi.