Mtu ni wa nani? Uhuru wa kila mmoja na mafundisho ya Bwami

Siku hizi vijana wetu, zaidi wale wenye kutoka masomoni, wanapenda neno moja: « Miye niko mutu muzima, hakuna wa kuniamuria. » Wazee wakisikia vile wanajibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu mtu hana lake, yote ni ya jamaa. Naona pande zote mbili zinasema mbio.

Wazo la vijana lina wenyewe. Robert Nozick, mwalimu wa falsafa huko Marekani, alitoa kitabu katika mwaka 1974. Kwake, mtu ni mwenye nafsi yake na matunda ya kazi yake. Serikali imlinde na wizi na nguvu, isivuke hapo. Sisi tuliopita chini ya MPR hatuwezi kucheka wazo hilo. Katika 1972 Serikali iliondoa majina ya kikristo, kravati nayo ikakatazwa, na yote ile iliitwa kurudia asili. Asili gani yenye kulindwa na polisi? Lakini Nozick hakatazi watu kusaidiana kwa hiari. Ukurasa ule vijana wetu wameuruka.

Tuangalie Bwami ya Warega. Huko Mwenga, Shabunda na Pangi hapakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Heshima ilitoka katika Bwami, na hakuna aliyezaliwa na cheo: mtoto wa kindi hakuamka asubuhi akiwa kindi. Alipaswa kupita ngazi moja moja, kusikia mithali pamoja na ngoma, kuonyeshwa sanamu za mti na za pembe ya ndovu, kila moja na fundisho lake. Kilichotafutwa ni busoga, neno lenye kusema wema na uzuri pamoja. Mwenye hasira na ugomvi alibaki chini. Kumbe mtu mmoja alipimwa kwa tabia yake mwenyewe! Na wakoloni waliiogopa Bwami, wakaipiga marufuku katika 1948.

Sasa, mali ya kuingilia, ile musanga na vyakula, mtu hakuikusanya peke yake. Baba wadogo, wajomba na wakwe walitoa. Aliyekosana na jamaa hakupanda, hata awe na akili namna gani. Hapo kijana wetu anakwama.

Sitaki kuipaka Bwami asali. Mwanamke alifika bunyamwa kwa njia ya mume wake tu. Na yatima asiye na wajomba, nani alimtolea? Jambo hili halikuisha na wazee: sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Ilisahihishwa katika 2016 tu, na hata sasa mume anaitwa mkuu wa nyumba.

Wazee wanaosema « yote ni ya jamaa » wanashika nusu ya desturi. Zamani aliyetoa musanga alikuwa na neno. Leo binti wa mjini anatoa dola kila mwezi, analipia wadogo zake masomo, na siku jamaa inapokaa kupanga mahari yake, yeye iko jikoni anapika chakula cha mkutano.