Mikono ya Bibi Macbeth

Wako wahakiki wanaomtaja Bibi Macbeth, katika tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mwaka 1623, kuwa ni mfano wa ugonjwa wa wasiwasi, maana huinuka usingizini akasugua mikono hata robo saa. Rai hii yavutia, lakini haisimami.

Bibi yule aliyarudisha majambia chumbani, akawapaka walinzi damu ya Duncan. Damu anayoiosha ilikuwako kweli. Mgonjwa wa wasiwasi hakumwaga damu. Achelea asije akaimwaga. Yule ateswa na alilolitenda, huyu ateswa na shaka ya asilolitenda wala asilolitaka. Hunawa, akatulia kitambo. Shaka ikirudi, hunawa tena. Raha ile fupi ndiyo inayoulisha ugonjwa.

Hapo ndipo tiba ilipopata mlango. Mwaka 1966 Victor Meyer, wa London, alieleza habari za wagonjwa wawili waliokabilishwa na walichokiogopa, wakazuiwa wasizirudie desturi zao za kujituliza, wakapata nafuu. Njia hiyo, pamoja na dawa zigusazo serotonini ubongoni, ndiyo inayotegemewa hata leo.

Tabibu wa tamthilia akiri kuwa maradhi ya bibi yule si ya fani yake, akamwachia mtu wa dini. Kwa muuaji alinena haki. Lakini tukimpa mgonjwa wa wasiwasi jina la Bibi Macbeth, twamtwika hatia ya mwingine, na yeye tayari ajishuku. Mhakiki na apime mfano wake kabla ya kuutoa.