Sare ya Mhudumu: Isubiri Mpaka Saa Nane

Saa nne asubuhi kila sare inapendeza. Shati limetoka kupigwa pasi, kola imesimama, aproni haina hata doa. Ukitaka kuijua sare ya mgahawa, nenda saa nane mchana, mwezi wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, wakati watu wa maofisini wanaondoka na mhudumu ameshakwenda jikoni na kurudi mpaka hesabu imempotea. Sare ya maonyesho saa hiyo imeshachoka. Ya kazi ndiyo kwanza inaonyesha thamani yake.

Wapo wanaosema nguo ya mhudumu haihusu chakula: pilau ni pilau, aliyeileta awe na tai au kandambili. Kwa ladha ya pilau wako sawa. Lakini mtu haendi mgahawani kwa ladha peke yake. Anataka kujua amwite nani, asiwe na wasiwasi na mkono unaopita juu ya sahani yake, tena azungumze na aliokuja nao kwa raha. Sare inagusa yote hayo. Iliyo bora unaiona pale tu unapotafuta wa kumwita, kisha inakutoka akilini.

Anza na pua. Sare nyingi za bei nafuu hushonwa kwa tetroni tupu, kwa kuwa haikunjamani, haipauki upesi na hukauka kwa usiku mmoja. Shida ni jasho. Pamba hushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake na bado ukiigusa ni kavu. Poliesta, ambayo ndiyo hiyo tetroni, haifiki hata asilimia 1. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya fulana za watu 26 waliotoka kufanya mazoezi ya baiskeli, wakaziweka zaidi ya siku nzima, kisha wakawapa watu wazinuse. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na baadhi ya bakteria wanaoleta harufu walistawi zaidi humo. Sasa fikiria mhudumu akiinama kukuwekea supu: kwapa lake liko karibu na pua yako kuliko bakuli. Kwa joto la pwani, poliesta tupu ni kosa, hata ishonwe na fundi gani. Mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35, unaotumika sana kwa sare, unavumilika. Mimi napenda pamba yenye mikunjo yake. Mikunjo hainuki.

Baada ya kitambaa, mtazame akiwa kazini. Akinyanyua trei hadi begani, shati linachomoka? Fundi anayejua kazi huongeza urefu wa nyuma na kuacha rinda moja au mawili chini ya mabega ili mkono upande bila kuvuta shati zima. Mkono mrefu usiobana kwenye kifundo cha mkono utachovya kwenye mchuzi wa nazi wa meza ya jirani. Angalia pindo lake, rangi ya manjano haifichiki. Angalia na mifuko. Mhudumu anayebana kalamu kwa meno hana mfuko, na mshonesha sare hakuwahi kumuuliza anabeba nini. Wafaransa walilimaliza hili zamani: kizibao cheusi cha wahudumu wa Paris, wanachokiita rondin, ni mifuko kila mahali, wa chenji, wa kifungulio, wa karatasi za oda, na chini yake aproni nyeupe ndefu. Mashindano yao ya kutembea mbio na trei yaliporudi Machi 2024, baada ya kukosekana miaka 13, walikwenda kilomita 2 wakiwa na mashati meupe na aproni zao. Sare inayovumilia hayo haihitaji kusifiwa.

Kwa wahudumu wa kike nina kipimo kimoja. Kijiko kikianguka, anaweza kuchuchumaa kukiokota bila kwanza kutazama nani anamwangalia? Kama sketi haimruhusu, basi haikushonwa kwa ajili yake. Nicolas Guéguen na Céline Jacob, watafiti wa Ufaransa, walichapisha utafiti unaosema wahudumu wa kike waliovaa fulana nyekundu walipewa bakshishi nono na wateja wa kiume, huku wateja wa kike wakiwa hawana habari na rangi. Kazi nyingi za Guéguen zimekuja kutiliwa shaka na wenzake. Hata ukiuamini, unachopima ni pochi za wanaume. Mlo haumo.

Pwani kuna jambo gumu zaidi, nalo ni kanzu. Hoteli nyingi za kitalii zinaipenda, na mgeni akiiona anajua amefika. Lakini wakoloni ndio waliowavika watumishi wa majumbani na hotelini kanzu nyeupe, mshipi kiunoni na tarbushi nyekundu. Kwa hiyo ukikuta mhudumu wa leo kafungwa mshipi mwekundu na kavishwa tarbushi, jua aliyebuni sare ile alikuwa ametazama picha za mabwana wa zamani, si wazee wanaotoka msikitini Ijumaa. Kanzu nzuri ya kazi haina mshipi. Inakomea juu ya kifundo cha mguu, maana migahawa mingi ya Mji Mkongwe iko juu ya paa na ngazi zake ni nyembamba na kali. Anayepanda na sinia la samaki huku kashika pindo kwa mkono wa pili atakumwagia. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi na bei yake inajulikana, kwa hiyo ya mashine si aibu, mradi imkae kichwani. Na kama nyumba inauza mvinyo, tazama nani anauleta. Kumvika mtu vazi la sala kisha kumkabidhi chupa ni kutojali, na wenyeji wanaliona hata wakinyamaza. Shati jeupe linatosha hapo.

Shuka la Kimasai kwa kijana wa Tanga, tuliache.

Vazi la maigizo lenyewe silichukii, mradi liendane na kazi. Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, huwavika wahudumu kofia za majani na aproni za mistari ya pundamilia. Wanapita na nyama kwenye panga, wanakukatia sahanini hadi ulaze kibendera cha mezani. Pale mlo wote ni mchezo, na aproni inakinga mafuta kwelikweli. Nenda baa ukutane na fulana za kola, zile fomu siksi, zenye nembo ya bia mgongoni: zimegawiwa bure na mwenye bia, na nusu ya wateja wamevaa kama hizo. Utamwita mteja mwenzako ukidhani ni mhudumu.

Rangi nyeusi isikudanganye pia. Ni nzuri kwa kuwa huficha, na ni mbaya kwa sababu hiyohiyo.

Kipimo cha mwisho hakionekani kwa macho. Uliza kwa upole, mwenyewe akiwa na nafasi: una sare ngapi? Aliye na tatu huwa na moja mwilini, moja kwenye kamba na moja kabatini. Mwenye moja anaifua usiku, na masika anaivaa ikiwa mbichi. Harufu ya uvundo unayoisikia saa nane ilianzia hapo. Ukiisikia, maneno yako mpelekee meneja, tena faragha. Mhudumu hakuichagua nguo ile, na kwingine hukatwa mshahara kuilipia.