Ukali wa Maelezo na Darsa za Machimboni

Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (Allah amrehemu), iliyotoka kamili Nairobi mwaka 1969, ina Kiswahili fasaha. Ama maelezo yake, mengine ni makali, hasa anapoijibu tafsiri ya Ahmadiyya ya mwaka 1953. Ukali huo tunauelewa: ulikuwa wa mjadala baina ya wenye elimu. Lakini mwalimu wa darsa Shinyanga au Geita akiubeba kumkemea mchimbaji Msukuma, ambaye Kiswahili chenyewe cha Unguja ni lugha ya pili kwake, tunaona amekitumia kitabu vibaya. Musa (a.s.) aliamrishwa kumwambia Firauni kwa upole (Taha: 44), sembuse Muislamu aliyetoka shimoni amechoka, akaja kuuliza maana ya neno moja? Afasiriwe neno hilo, hata kwa Kisukuma, na akirudi kesho kuliuliza tena, afasiriwe tena.