Ajabu Katika Riwaya: Ushirikina au Hoja?

Wako wasomaji, na hata walimu, ambao wakikuta mfu akisema ndani ya riwaya hutamka upesi kwamba huo ni ushirikina. Tuhuma hiyo huwa nzito zaidi hapa Sumbawanga, mji ambao jina lake huelezwa na wenyeji kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Yafaa basi tutenganishe mambo mawili yasiyofanana.

Mtindo unaoitwa uhalisiajabu ulipata sifa duniani kwa riwaya ya Gabriel García Márquez wa Kolombia, iliyotoka mwaka 1967. Lakini ajabu yenye hoja hatukuazima Amerika. Masimulizi ya Wafipa yasema kwamba Ntatakwa, mtawala wa kwanza, alianguka kutoka mbinguni akakaa Milansi. Baadaye walikuja wanawake wageni, mtawala wa Milansi akiwa mawindoni, nao wakatwaa nchi; Milansi ikabaki na heshima ya ukale. Anayebishana juu ya kuanguka kutoka mbinguni amekipoteza kiini. Kisa hiki chaeleza jinsi mamlaka yalivyogawanywa baina ya wenyeji na wageni.

Euphrase Kezilahabi, aliyeanza na uhalisia wa Rosa Mistika (1971), aligeukia ajabu katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Humo ishara zimesongamana hata mwanafunzi hupotea. Hata hivyo, kupotea huko ni sehemu ya maudhui, kwani autafutaye ukweli hapewi ramani. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), ametumia njia iliyo wazi zaidi: babu aliyekufa anamwandama mjukuu wake K, mkubwa wa nchi, na kumwonyesha dhiki ya umma aliyoipa kisogo. Ajabu ni moja, nayo yatosha: mfu anaona, aliye hai ni kipofu. Kwa maoni yangu, kwa shule zetu huu ndio mlango bora wa kuingilia.

Jambo hili halikomei darasani. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na watu wenye ualbino wameuawa kwa tamaa ya utajiri. Mpiga ramli humtaka mtu aamini bila kuuliza; mwandishi humwamsha aulize. Mwalimu asiyeonyesha tofauti hiyo huwanyima vijana ngao waliyo na haki ya kuipata.